Jua la Saa Tatu Usiku

Jambo la kwanza lililonishinda kule Andalusia, kusini mwa Hispania, ni saa. Sisi tuliokulia Pwani tunajua kuwa jua linazama saa kumi na mbili na ushei: mwadhini anaita, mama anaita, mpira umekwisha. Tanga ni hivyo Januari, ni hivyo Juni. Sasa nipo juu ya kilima mjini Granada, katikati ya Juni, shanta nimeiweka miguuni, simu inaonyesha saa tatu usiku, na jua lingali linanichoma usoni. Pembeni yangu kakaa mwenzangu, Mkenya wa Nakuru tuliyekuwa tukisoma naye Ujerumani. Ananiuliza kama tutafute chakula cha jioni au bado ni mchana. Sikuwa na jibu.

Kisa chake nilikuja kukielewa baadaye. Ukitazama ramani, Hispania iko chini ya Uingereza, karibu moja kwa moja, na zamani saa zao zilikuwa hizohizo. Mwaka 1940 serikali ya Franco, dikteta wao wa wakati ule, ikasogeza saa mbele zilingane na za Ujerumani, na mpaka leo hazijarudishwa. Ikifika kiangazi wanazisogeza tena. Basi saa ya ukutani inasema hivi, jua linasema vile, na watu wa kusini wameamua kulifuata jua. Cha mchana wanakula saa nane au saa tisa. Cha usiku ni saa nne. Saa sita usiku utakuta watoto wa miaka minne wanacheza mpira uwanjani, bibi zao wamekaa kwenye mabenchi wanapiga soga. Sisi tulifika na saa ya Ujerumani mwilini, ile ya kula saa kumi na mbili jioni na kulala mapema, na siku za mwanzo tulikuwa watu wa kugonga milango iliyofungwa.

Safari yenyewe ilikuwa ya kimasikini. Siku tisa, shanta moja kila mtu, ndege ya bei rahisi hadi Málaga, halafu mabasi. Ratiba niliiandika mimi, kwa kalamu, mpaka dakika: Málaga nusu siku, Granada siku mbili, Córdoba moja, Sevilla mbili, Cádiz, kisha kurudi. Mwenzangu aliisoma akanirudishia.

"Buda, hii ni safari ama ni mtihani?"

Málaga tuliipita mbio. Ngome ya Alcazaba tuliitazama kwa nje, nyumba alikozaliwa Picasso mwaka 1881 kwa nje, maji ya kunywa, basi. Nitairudia mwishoni.

Kosa langu kubwa lilikuwa Granada, na nalisema wazi ili mwingine asilirudie. Nilidhani Alhambra, ile ngome ya wafalme Waislamu wa zamani, ni mahali pa kwenda, ukafika mlangoni, ukalipa, ukaingia. Binti wa mapokezi pale hosteli aliponisikia nikisema "kesho asubuhi tunakwenda Alhambra," aliweka kalamu chini akanitazama kwa huruma. Tiketi zinanunuliwa mapema kwenye intaneti, mara nyingi wiki kadhaa kabla. Zina jina lako, unaingia na pasipoti, na yale majumba ya wafalme yamewekewa nusu saa yako maalumu, ukichelewa, umeikosa. Za kesho zilikwisha. Za keshokutwa zilikwisha. Mwenzangu alianza kucheka, akanyamaza aliponiona uso. Binti akabofyabofya tarakilishi yake, kisha akatuuliza kama tungekubali za usiku. Kumbe majira ya joto, baadhi ya siku, hufungua majumba saa nne usiku. Bustani huzioni, ngome huioni, lakini majumba unaingia. Zilikuwa zimebaki chache za kesho yake. Tulizinyakua.

Kwa hiyo tukawa na usiku mmoja wa kuzurura kabla. Granada ina desturi ambayo miji mingi ya Hispania imeshaiacha: ukiagiza kinywaji, unaletewa na sahani ndogo ya chakula bila kulipia. Kinywaji cha pili, sahani nyingine. Hiyo ndiyo tapa. Kwa mwanafunzi mwenye yuro ishirini za siku nzima, hii ni neema. Tatizo langu ni kwamba mimi sinywi pombe. Nilidhani nitakaa na glasi ya maji, lakini baa za Andalusia zina kinywaji kinaitwa mosto, maji ya zabibu ambayo hayajachachushwa, matamu, ya baridi, na nacho kinaleta tapa yake kama kawaida. Hakuna aliyenishangaa. Mwenzangu bia, mimi mosto, sahani mbili mezani.

Tatizo la pili lilikuwa nguruwe. Hapo nilifunzwa adabu. Nilikuwa nimejifunza kusema "sin carne", bila nyama. Mhudumu akaitikia kwa kichwa, akaenda, akarudi na sahani ya viazi vilivyofunikwa vipande vyembamba vyekundu vya jamón, yaani nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akashangaa kwelikweli: hiyo si nyama, hiyo ni jamón! Kwao nyama ni kitu kingine kabisa; jamón ni kama chumvi. Tangu siku hiyo nikawa nasema "sin cerdo", bila nguruwe, nalitaja na hilo jamón kwa jina lake, ndipo nikaanza kuletewa samaki, biringanya za kukaanga zenye asali nyeusi ya miwa, na zeituni. Zile za makosa zilikwenda kwa mwenzangu, ambaye alirudi Ujerumani na kilo mbili zisizo zake.

Jioni ya pili tulipanda Albaicín, mtaa wa zamani wa vichochoro na kuta nyeupe. Ukipita pale unajua mguu wako umeshawahi kupita mahali kama hapa, Lamu au Mji Mkongwe: kichochoro kinajikunja ili jua lisipite, mlango mkubwa unaficha ua wenye maji. Juu kabisa kuna uwanja wa San Nicolás, unaotazamana na Alhambra ng'ambo ya bonde, umejaa vijana, magitaa na wauza bangili. Jirani yake kabisa upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, takriban miaka 500 tangu mji ule utoke mikononi mwa Waislamu. Nilisali Magharibi humo. Ilikuwa karibu saa nne usiku. Nilipotoka nilimkuta mwenzangu kwenye bustani ya msikiti, kimya, jambo ambalo si kawaida yake, anatazama kuta zile nyekundu zikizima rangi polepole. Tukashuka bonde, tukapanda upande wa pili nusu tunakimbia. Nusu saa yetu ilikuwa inakaribia.

Niliwahi kuona picha za Alhambra za mchana, zenye vichwa vya watu mia mbili. Usiku tuliingia wachache. Taa wameziweka chini, zinapanda ukuta kwa upole, na uani kwenye dimbwi refu mnara wote umelala juu ya maji. Mimi nilisoma chuoni Tanga kwa maalimu mmoja mkali, chuo cha Kurani cha uani, mikeka na fimbo ya mpera. Herufi za kuta zile si kama za msahafu. Zinapandana, zinasukana kama mizizi ya mikoko. Nikasimama mbele ya mstari mmoja. Nikaipata wau. Nikaipata lam-alif. Nikaanza kuunganisha kwa sauti ya chini, kidole hewani, kama mtoto.

"Umesoma Kihispania lini?" mwenzangu akauliza.

"Si Kihispania hiki."

"Sasa kinasema nini?"

Wa la ghaliba illa Allah. Hapana mshindi ila Mungu. Ndiyo kauli ya wafalme wa Banu Nasri waliojenga pale. Ukishaijua, huwezi tena kutoiona: iko juu ya matao, iko kwenye ngao, inazunguka vyumba, inarudiwa na kurudiwa mpaka jicho linachoka. Nikamfasiria. Akatazama ukuta, akatazama dari, akageukia ua wa simba kumi na wawili wa mawe na nguzo zake 124.

"Na wao wakashindwa," akasema.

Tarehe 2 Januari 1492 ndipo mfalme wao wa mwisho alipoikabidhi Granada. Sikumjibu, maana ukuta wenyewe ulikuwa umekwisha kusema hivyo.

Asubuhi yake tuligombana, na kisa ni saa tena. Tiketi ya basi la Córdoba ilikuwa ya 10:00. Usiku nilimwambia, "Basi ni saa nne, usichelewe." Mimi Mtanga, saa nne kwangu ni saa nne. Yeye miaka mitatu ya Ulaya imemharibu: alisikia nne, akaona 16:00, akatoka zake alfajiri kwenda kupiga picha mapango ya Sacromonte na simu akaizima asimalize chaji. Nilisimama kituoni na mashanta mawili nikilitazama basi likitoka. Alipokuja, kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenye kosa ni mwingine. Bado tunabishana.

Tulipanda lililofuata, na humo tukapatana, kwa sababu ya mama mmoja aliyekuwa mbele yetu anazungumza na simu bila breki. Kila baada ya sentensi mbili nasikia "fulano". Fulano hivi, fulano vile. Nikamtafutia mwenzangu kwenye kamusi ya simu: fulano ni fulani. Fulani wetu huyuhuyu, aliyetoka Kiarabu akaenda magharibi kwao na kusini kwetu. Ikawa mchezo wa njia nzima. Zeituni wanaita aceituna, na tulikuwa tunapita mashamba yake kilima baada ya kilima hadi macho yakazoea. Zafarani ni azafrán. Hasta yao ni hata yetu. Kasri ndiyo alcázar. Kadhi kawa alcalde, ambaye kwao sasa ni meya. Mwenzangu alidai pilau na paella nazo ni ndugu. Hiyo si kweli, lakini nilimwachia pointi, nilikuwa nimechoka kugombana.

Tukashuka Córdoba saa tisa na robo alasiri. Usije ukashuka Córdoba saa tisa na robo alasiri mwezi wa Juni. Taa ya duka la dawa ilionyesha nyuzi 41. Joto la Pwani nalijua, lina jasho na upepo wa bahari. Hili lilikuwa kavu kama la tanuri la mikate, linaingia puani. Mtaani hapakuwa na mtu. Si wachache: hapakuwa na mtu hata mmoja. Madirisha yamefungwa, maduka yamefungwa, paka hakuna. Tulitembea nusu saa na mashanta mpaka mtaa wa zamani, tukakuta karatasi mlangoni mwa hosteli: mapokezi hufunguliwa saa kumi na moja. Tulikaa chini kwenye kivuli chembamba kama utepe, migongo ukutani. Mzee wa baa ya pembeni, aliyekuwa anateremsha mlango wake wa chuma, alitutazama, akaupandisha tena nusu. Akatuletea bakuli mbili za salmorejo: nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, vimesagwa pamoja na kupoozwa mpaka vinauma meno. Changu kikaja na yai tu. Maneno yangu mapya yalifanya kazi. Kisha kwa ishara za mikono, kichwa juu ya viganja viwili, akatuamuru tukalale kama watu wenye akili.

Tulilala. Tuliamka saa mbili usiku, jua lipo, mji umefufuka. Ratiba yangu ilikuwa imebaki kwenye basi, na sikurudi kuidai.

Msikiti mkuu wa Córdoba tulikwenda asubuhi yake saa mbili na nusu, maana siku zisizo Jumapili ile saa ya kwanza huingia bure. Ulianza kujengwa miaka ya 780 na Abd al-Rahman wa Kwanza, na waliofuata wakaupanua. Nguzo zimebaki 856. Nyingi waliziokota kwenye majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi waliotawala kabla ya Waislamu, ndiyo maana hazifanani. Tena zilikuwa fupi mno kubeba dari ya jengo kubwa hivyo. Fundi akapandisha tao juu ya tao, tofali jekundu na jiwe jeupe kwa zamu, dari ikapata kimo na mzigo ukagawanyika. Nimesoma uhandisi wa majengo miaka minne na sijawahi kuona tatizo la vifaa vibovu likigeuzwa uzuri namna ile. Katikati yake, kuanzia 1523, wamepachika kanisa kuu zima, lenye mwanga mwingi na dhahabu. Unatoka kwenye msitu wa nguzo, ghafla uko kanisani, halafu unarudi msituni. Waislamu hawaruhusiwi kusali mle. Nilisimama mbele ya mihrabu mikono ikiwa mfukoni, kwa sababu sikujua niiweke wapi.

Sevilla tulifika kwa treni ya polepole, iliyo rahisi kuliko ile ya kasi. Mitaani kuna miti ya machungwa kila mahali, na mwezi ule ilikuwa na matunda ya kijani madogo kama ndimu. Nikauliza mbona mji wenye wanafunzi wengi hivi hauna anayechuma. Kijana wa hosteli akakunja uso: hata yakiiva ni machungu, mengi huishia kwa Waingereza wa kutengeneza jemu. Danzi! Nilimpigia mama Tanga palepale. Akauliza swali moja tu, kama wanatia kwenye achari.

Giralda pia nilimsimulia. Ni mnara wa kengele wa kanisa kuu, lakini ulikamilika 1198 ukiwa mnara wa adhana, na ndani hauna ngazi: una miteremko 35 inayozunguka, ili mwadhini apande juu na mnyama. Magoti yangu yaliwashukuru mafundi wale.

Sasa usiku. Mwenzangu alikuwa amengoja Sevilla tangu Ujerumani, na disko lake alikuwa amelichagua. Tulioga, tukanukia, tukafika mlangoni saa nne na nusu usiku. Mlinzi alitutazama kama watu waliofika harusini jana yake. Rudini saa nane, akasema. Tukarudi saa nane: mle ndani tulikuwa sisi, mpiga muziki na dada anayepanga glasi. Kuanzia saa tisa ndipo wakaanza kumiminika, na saa kumi huwezi kuinua mkono. Nitakiri sikufurahi sana. Kelele ni zilezile za Berlin na za Dar, na jasho ni lilelile. Kilichonifurahisha ni kutoka: saa kumi na mbili asubuhi, bado giza, mji umepoa, na foleni ya watu waliovaa viatu vyao mikononi wakisubiri churros, andazi refu la mifereji linalochovywa kwenye chokoleti nzito kama uji wa mtama. Baridi kidogo. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Usiku ulionibakia moyoni ni wa pili, na haukuwa na tiketi. Tulivuka mto Guadalquivir kwenda mtaa wa Triana. Jina la mto nalo tulilifungua: al-wadi al-kabir, bonde kubwa. Kwenye kibaa kidogo, wazee wanne wamekaa, mmoja akaanza kuimba akiwa amefumba macho, wengine wakaingia kwa makofi. Mwenzangu, mwana wa kwaya, hawezi kusikia makofi akatulia, akajiunga. Mzee aliyekuwa jirani yake akanyoosha mikono, akamshika vifundo vyote viwili kwa upole kabisa, akaviweka mezani, akaendelea kupiga yake. Makofi yale yana mzunguko wa mapigo kumi na mawili, na mikazo haiko unapoitegemea. Tulikaa kimya mpaka saa nane. Mwishoni mzee alimpigia mwenzangu mzunguko polepole juu ya meza, kwa kidole, mara tatu, nne. Hakuupata. Akamnunulia mzee bia.

Cádiz hatukufika. Tulilala mpaka saa saba mchana, na hakuna aliyeitaja.

Siku ya kurudi, kwenye kituo kimoja cha mabasi, watu wawili waliovaa kiraia walipita foleni ya abiria kama arobaini wakaja kwetu sisi wawili kuomba vitambulisho. Walikuwa na adabu. Waliangalia vibali vyetu vya Ujerumani mbele na nyuma, wakarudisha, wakaondoka bila kumuuliza mwingine yeyote. Kijana wa Senegali aliyekuwa anauza miwani nje ya kituo alitutazama akainua mabega. Tembea na karatasi zako halisi, si picha kwenye simu. Hilo kwetu weusi si ushauri wa ziada. Mwenzangu hakuzungumza mpaka tulipoiona bahari.

Málaga, usiku wa mwisho, tulikwenda El Palo, ufukweni. Pale huchukua boti kuukuu, wakaijaza mchanga, wakawasha kuni ndani yake, kisha wakachoma sadini waliotungwa sita sita kwenye kijiti cha tete, kijiti kimechomekwa mchangani upande wa upepo ili moshi usimguse samaki. Chumvi tu. Ni mishikaki ya samaki, na inaliwa kwa vidole. Mchomaji alisema sadini ni watamu miezi isiyo na herufi r. Kwa Kihispania miezi hiyo ni minne. Nikahesabu kwa Kiswahili nikapata tisa, nikamwambia mwenzangu kwamba lugha yetu imebarikiwa. Tulikula tukitazama jua. Lilizama saa nne kasorobo, na safari hii hatukulishangaa.

Wiki iliyofuata, Ujerumani, nilikuwa jikoni mwa bweni saa kumi na mbili jioni, nimesimama mbele ya sufuria, sina njaa. Simu ikalia. Mwenzangu: "Nimepata duka wanauza zile zeituni. Tukutane saa nne kwa benchi la nje."

Nikamwandikia: "Saa nne ya nani?"